Mtoto wa paka au paka mkubwa: yupi anaifaa nyumba yako?

Mtu anayekusudia kufuga paka kwa mara ya kwanza huamua mambo mengi kabla ya kulifikia swali lililo muhimu kuliko yote. Huamua rangi, huamua dume au jike, na pengine hata jina huwa tayari, ilhali hajajiuliza kama nyumba yake inamfaa mtoto wa paka au paka aliyekwisha kukomaa. Kwa kuwa watoto wa paka wanapendeza mno, jibu hupatikana bila kufikiriwa na mdogo ndiye huchukuliwa. Naamini kwamba wengi katika hao wangefurahi zaidi na paka wa miaka miwili au mitatu, ambaye tabia yake inaonekana tangu siku ya kwanza. Hata hivyo, zipo nyumba ambazo mtoto wa paka ndiye hasa anayezistahili, na ulinganisho huu umekusudiwa kumwezesha msomaji kujua nyumba yake iko upande gani.

Tumpe mdogo haki yake kwanza. Mtoto wa paka wa wiki nane hadi kumi na mbili ni kiumbe wa kuchekesha na kusisimua kuliko mnyama mwingine yeyote wa nyumbani. Huruka kiubavubavu huku ameupinda mgongo na kuutimua mkia, akiitishia kandambili iliyoachwa mlangoni. Hujificha nyuma ya mguu wa kiti akiamini kwamba haonekani, ingawa nusu ya mwili wake iko nje. Hulikwea pazia mpaka juu, kisha hulia akiomba msaada, kwa sababu makucha ya paka yamepindia nyuma, humshika barabara anapopanda lakini hayamsaidii anaposhuka kichwa mbele. Baada ya hayo yote husinzia ghafla mahali popote alipo, na katika umri huo huweza kulala hadi saa 20 kwa siku. Anayekaa nyumbani na kuwa na muda wa kumtazama hupata furaha ambayo paka mkubwa hawezi kumpa, na itakuwa si haki kusema vinginevyo.

Mchezo huo una kazi yake. Kati ya wiki ya tatu na ya saba mtoto wa paka hukamilisha uwezo wa kujigeuza hewani ili aangukie miguu, na karibu na wiki ya saba huanza kupenda kukimbiza na kukamata vitu vinavyotikisika. Katika wiki hizo hizo hujifunza kwa ndugu zake kiasi cha nguvu anachoruhusiwa kutumia anapouma, kwa maana akimng'ata mwenzake kwa ukali, mwenzake hulia na mchezo hukatika. Aliyeondolewa kwa mama yake akiwa na wiki tano hukosa somo hilo, na mara nyingi ndiye yule anayekuja kung'ang'ania mikono na vifundo vya miguu vya watu wa nyumbani huku wao wakidhani kwamba ana tabia mbaya ya kuzaliwa nayo. Kwa hiyo, anayeamua kuchukua mdogo asikubali kupewa aliye chini ya wiki nane, na akiweza kungoja hadi wiki kumi na mbili atakuwa amefanya vema zaidi. Wanaogawa au kuuza watoto wa paka husema kwa kawaida kwamba «ameshaanza kula», lakini kula huanza kwenye wiki ya nne, wakati ambapo bado anamhitaji mama kwa mambo mengi. Macho yanaweza kumsaidia mnunuzi: watoto wote wa paka huzaliwa na macho ya buluu, na rangi ya kudumu huanza kujitokeza karibu na wiki ya sita hadi ya nane, kwa hiyo mtoto mwenye buluu nzito machoni, asipokuwa wa jamii zile chache zinazobaki na macho hayo maisha yote, huenda bado ni mdogo mno hata kama umeambiwa ana miezi miwili.

Uzuri wa paka mkubwa ni wa aina nyingine, nao huhitaji mtazamaji mwenye subira. Paka wakubwa hawaitani kwa sauti ya nyau wao kwa wao isipokuwa mara chache. Hiyo ni sauti ya mtoto kwa mama yake, nao huiendeleza ukubwani kwa ajili ya binadamu. Kila paka huitengeneza kivyake, hata mwenye nyumba akaja kujua bila kuangalia kwamba sauti hii ni ya kuomba kufunguliwa mlango, na ile fupi yenye kupanda ni ya salamu tu. Anaposugua shavu na paji la uso kwenye mguu wa mtu au kwenye pembe ya kabati, huacha harufu inayotoka kwenye tezi zilizoko hapo, na kwa namna hiyo humhesabu mtu huyo kuwa sehemu ya makazi yake. Kufumba macho polepole nako ni salamu: watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walionyesha mwaka 2020 kwamba binadamu akimtazama paka na kufumba macho polepole, paka huelekea kumjibu kwa kufumba vivyo hivyo, na humkaribia kwa wepesi zaidi hata kama ni mgeni. Ndiyo maana katika sebule iliyojaa watu paka humwendea yule asiyemjali. Wanaompenda humkodolea macho, na kukodolewa macho kwake ni kitisho.

Zipo pia zile tabia ambazo kila mwenye paka mkubwa anazijua na hachoki kuzisimulia. Gazeti likitandazwa, yeye hulikalia hasa pale panaposomwa. Taa ya kibarazani ikiwashwa, huketi chini yake usiku kucha akimsubiri mjusi kafiri ateleze kutoka ukutani. Wahenga walisema kwamba paka hakubali kulala chali, na kwa kweli mnyama anayelifunua tumbo lake mbele ya mtu huwa amemwamini sana, ingawa mwenye busara hulitazama tumbo hilo tu na kuacha kulishika, kwani wengi hujibu kwa makucha. Mambo haya hayaonekani kwa mtoto wa paka. Huja polepole, na anayechukua paka aliyekomaa hukuta sehemu kubwa yake iko tayari.

Hapo ndipo penye tofauti kubwa kuliko zote kati ya hawa wawili, yaani kujua unachokichukua. Mtoto wa paka ni bahati nasibu. Yule mwenye kucheza sana leo anaweza kuwa mtulivu au mwoga baada ya mwaka mmoja, na si rahisi kutabiri. Mambo mawili hata hivyo yanajulikana kuathiri tabia yake. La kwanza ni kushikwashikwa kwa upole na binadamu kati ya wiki ya pili na ya saba ya maisha yake, kipindi ambacho kikipita bila yeye kuzoea watu, kazi ya kumzoesha huwa ngumu mno. La pili ni baba. Sandra McCune, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1995, alionyesha kwamba watoto waliozaliwa na dume mchangamfu walikuwa wajasiri zaidi mbele ya watu na vitu vipya, ijapokuwa dume hashiriki katika malezi. Katika mitaa yetu baba huwa ni yule shume aliyepita juu ya paa usiku, naye hana anayemjua, kwa hiyo mwulize mwenye nyumba kuhusu la kwanza: watoto hawa walizaliwa ndani, miongoni mwa watu, au walikutwa darini wakiwa tayari wanakimbia?

Kwa paka mkubwa hakuna haja ya kubashiri. Mtu huketi sakafuni, hunyoosha kidole kwenye usawa wa pua ya paka, na husubiri. Anayekuja na mkia umesimama wima, akakinusa kidole na kukisugua kwa shavu, amekwisha kujieleza. Anayebaki chini ya kitanda naye amejieleza, na nyumba yenye watoto watano haitamfaa. Anayemtoa huweza pia kuulizwa kama paka huyo anawavumilia mbwa, kama anatumia beseni la mchanga, kama anakwangua makochi. Nachukulia jambo hili kuwa zito kuliko mapenzi ya dakika chache ambayo uso wa mtoto wa paka humtia mtu, kwa sababu uamuzi huu ni wa muda mrefu: paka anayetunzwa vizuri hufikisha miaka 15 bila shida, na wengine huivuka.

Rangi isimpoteze mtu. Haitabiri tabia kwa namna ya kutegemewa, ingawa inasema jambo moja la hakika kuhusu jinsia, nalo lina faida kwa anayechukua mdogo, kwani jinsia ya mtoto wa paka hukosewa mara kwa mara. Paka mwenye rangi tatu, nyeupe, nyeusi na ya machungwa, karibu kila mara ni jike, na wa rangi ya machungwa tupu kwa kiasi cha wanne kati ya watano ni madume, kwa kuwa chembe ya urithi ya rangi hiyo hukaa kwenye kromosomu ya X, ambayo jike huwa nazo mbili na dume moja. Paka mweupe mwenye macho ya buluu apimwe masikio kwa kupigiwa makofi nyuma yake, kwani wengi wa aina hiyo ni viziwi. Anayetamani jamii yenye asili ya kwetu atasikia habari za Sokoke, paka mwenye madoadoa yanayofanana na gome la mti, anayetokana na msitu wa Arabuko-Sokoke katika pwani ya Kenya, ambako Jeni Slater aliwaokota watoto wa kwanza wa jamii hiyo mwaka 1978; lakini hao ni wachache sana, na paka wa kawaida wa Lamu, Unguja au Tanga, mwembamba na mrefu wa miguu, hana upungufu wowote wa akili wala wa uzuri.

Kuhusu kazi ya kila siku, mizani inaelemea wazi upande wa paka mkubwa. Mtoto wa paka hula mara tatu au nne kwa siku, huku mkubwa akitosheka na mara mbili. Wote wawili hawafai kulishwa ugali au wali uliochovywa mchuzi tu, na methali inasema kweli kwamba paka hashibi kwa wali, matilabaye ni panya: mwili wake haujiundii taurini ya kutosha, kirutubisho ambacho hupatikana katika nyama na samaki, na akiikosa kwa muda mrefu huharibika macho na moyo. Kwa mdogo, ambaye bado anajenga mifupa, kosa la chakula huonekana mapema zaidi. Dagaa waliochemshwa bila chumvi wala kitunguu, samaki aliyeiva na kutolewa miiba, kuku na maini kidogo ni msingi mzuri kwa asiyeweza kununua chakula cha dukani. Kitunguu na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu yake, na maziwa ya ng'ombe, ambayo watu humpa kwa mapenzi, huwaharisha wengi. Kuhara kwa mkubwa ni usumbufu. Kwa mtoto wa wiki nane ni hatari ya kufa.

Tofauti ya usiku nayo isidharauliwe na anayeamka alfajiri kwenda kazini. Paka kwa maumbile huchangamka wakati wa machweo na mapambazuko. Mkubwa huuzoea mwendo wa nyumba na hulala watu wanapolala, au hutoka na kurudi. Mdogo huamka saa tisa usiku na kuvishambulia vidole vya miguu chini ya shuka, na hali hiyo huendelea kwa miezi kadhaa. Dawa yake ni mchezo wa kutosha jioni ukifuatwa na chakula, au kuchukua watoto wawili wa mama mmoja kwa pamoja, jambo ambalo nalisisitiza kwa kila nyumba iliyokwisha kuamua kwamba inataka mdogo na kuumudu ulishaji wa wawili. Wawili hucheza wao kwa wao, hufunzana kuuma kwa kiasi, na hawalii upweke mchana wenye nyumba wakiwa hawapo.

Afya ndiyo sehemu inayopaswa kufikiriwa kwa makini zaidi. Mtoto wa paka huanza chanjo kwenye wiki ya sita hadi ya nane, na hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afikie wiki 16, kwa sababu kinga aliyoipata kwa mama huizuia chanjo isifanye kazi, na hakuna ajuaye siku hasa inapokwisha. Chanjo ya kichaa cha mbwa huja kwenye miezi mitatu, nayo ni lazima kwa wote wawili katika nchi zetu ambamo ugonjwa huo bado upo. Kampeni za chanjo, ambazo nyingi hufanyika karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kwa kawaida huwapokea paka pia. Dawa ya minyoo mdogo hupewa mara kadhaa katika miezi yake ya mwanzo. Paka mkubwa aliyekwisha kuchanjwa na kuhasiwa, au kufungwa kizazi ikiwa ni jike, huwa amevuka sehemu kubwa ya gharama hizi, na anayemtoa hana budi kuonyesha kadi ya daktari wa mifugo. Asiyefungwa kizazi, awe mdogo au mkubwa, atalazimika kupelekwa: jike huweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu, hubeba kwa takriban siku 64, na huzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka, dume asiyehasiwa hukojolea kuta, hupotea siku nyingi na hurudi na majeraha ya kupigana.

Lipo suala moja ambalo kwa maoni yangu linatosha kuamua peke yake. Ikiwa nyumbani alikwisha kufa mtoto wa paka kwa kutapika na kuhara ghafla katika mwaka uliopita, yawezekana ilikuwa panleukopenia, ugonjwa wa paka unaoambukiza sana, na virusi vyake huweza kukaa sakafuni, kwenye vikapu na vyombo kwa muda unaofikia mwaka mmoja, bila kuuawa na sabuni za kawaida. Nyumba hiyo isichukue mtoto ambaye hajakamilisha chanjo, hata akiwa mzuri kiasi gani. Imchukue mkubwa aliyechanjwa.

Nyumba yenye mjamzito nayo ina sababu ya kumpendelea mkubwa. Kimelea cha toksoplazima, ambacho huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hutoka katika kinyesi cha paka kwa wiki moja hadi tatu baada ya kuambukizwa kwa mara ya kwanza, na maambukizi hayo ya kwanza huwapata zaidi paka vijana wanaoanza kuwinda. Haimlazimu mjamzito kumfukuza paka aliyenaye. Mchanga usafishwe kila siku na mtu mwingine, kwa sababu kimelea huhitaji siku moja au zaidi nje ya mwili ndipo kiweze kuambukiza, na yeye aepuke nyama isiyoiva, ambayo pia ni njia kubwa ya ugonjwa huo. Ila wakati huo si wa kuleta mtoto wa paka mpya.

Wanaotaka paka kwa ajili ya panya huuliza kama mdogo atafundishika. Uwindaji una sehemu ya kuzaliwa nayo na sehemu ya kufunzwa: mama huwaletea wanawe mawindo yaliyokufa, kisha yaliyo hai, mpaka wajue kuua. Aliyelelewa na mama mwindaji hadi wiki kumi na mbili ana nafasi nzuri, lakini mwenye ghala linaloshambuliwa sasa hawezi kungoja, na mkubwa ambaye tayari anajulikana kwa kazi hiyo ndiye anayefaa. Hata huyo atawamaliza panya wadogo wa ndani na kuwaacha wakubwa wa mitaroni. Panya buku, ambaye huweza kupita kilo moja, atamwacha apite.

Mdogo hushinda bila ubishi katika jambo la kuhama. Huzoea makazi mapya kwa siku chache, na hana nyumba ya zamani ya kuikumbuka. Mkubwa huweza kujificha chini ya kitanda kwa siku kadhaa bila kula vizuri, na akifunguliwa mlango mapema hufunga safari kurudi alikotoka. Desturi ya kumbeba ndani ya kiroba ili asione njia haimzuii, na humtia hofu isiyo na maana. Abebwe katika kikapu chenye kifuniko na matundu ya hewa, awekwe katika chumba kimoja tulivu chenye maji, chakula, beseni la mchanga na kitambaa chenye harufu ya kwao, kisha asitolewe nje kwa wiki mbili au tatu. Nyumba ambayo haiwezi kuufunga mlango kwa muda huo, kwa mfano ya uani yenye wapangaji wengi wanaoingia na kutoka, ina sababu ya kweli ya kuchagua mdogo.

Basi nyumba yenye watoto walio chini ya miaka mitano ichukue paka mkubwa mpole, kwa kuwa mifupa ya mtoto wa paka huvunjika kwa kukumbatiwa vibaya, na mkubwa anajua kujiondokea. Wazee wanaotembea kwa mkongojo nao wamchukue mkubwa, maana mdogo hujipitisha katikati ya miguu. Anayeishi peke yake na kurudi usiku vilevile. Familia yenye watoto wa umri wa shule ya msingi, ambamo daima pana mtu mzima, na inayokubali gharama za daktari katika mwaka wa kwanza, itafurahishwa na watoto wawili wa paka kuliko kitu kingine chochote. Wakaao ghorofani waweke wavu madirishani kwanza, wawe wanachukua yeyote kati ya hawa.

Wenye paka mzee tayari hudhani kwamba mtoto atamchangamsha. Mara nyingi humkera: mdogo humrukia mkia saa ambazo mzee anataka kulala, na mzee huhamia juu ya kabati na kuacha kula. Nyumba hiyo imtafute paka wa miaka mitatu au minne aliyekwisha kuishi na wenzake, au kama ni lazima awe mdogo basi wawe wawili ili wachezeane, na kila paka awe na bakuli lake na beseni lake la mchanga mahali tofauti, huku wakitenganishwa kwa mlango kwa wiki ya kwanza na kuzoeshwa harufu ya kila mmoja kabla ya kuonana.